KAZI ZA MIKONO: Mlango wa Nyuma na Gurudumu Zito



Wenye motokaa za safari ngumu hupenda kubadili mipira. Barabara ikiharibika, mtu huona kwamba mipira iliyotoka kiwandani ni myembamba mno, basi hununua mingine mikubwa, yenye meno marefu na mbavu nene, nayo humsaidia kweli katika matope. Lakini motokaa haina magurudumu manne tu, ina matano. La tano ni la akiba. Hilo halikanyagi udongo, bali hutundikwa nyuma juu ya mlango, na kwa hiyo husahauliwa upesi. Tunalikumbuka siku ile mlango unapokataa kufungwa, au rangi inapopasuka karibu na bawaba na mstari mwembamba wa kutu kujitokeza. Mstari ule ni ufa, na wahenga walikwisha kutuambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Juma hili tutazame ufa huo hutoka wapi, na jinsi ya kuuziba kwa akili.

Kwa nini la akiba nalo liwe kubwa

Wengine husema: «Tuliache la zamani, maana ni jepesi.» Shauri hilo si jema. Gurudumu dogo likiwekwa pamoja na makubwa matatu, halina budi kuzunguka mara nyingi kuliko wenzake ili kwenda mwendo ule ule. Gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu zimetengenezwa kuvumilia tofauti hiyo wakati wa kupiga kona tu. Sasa zitaivumilia safari nzima, nazo zitapata moto na kulika. Katika Land Rover Defender ya zamani, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2016, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu magurudumu yote manne husukumwa na injini wakati wote. Kwa kufika kijiji cha jirani, polepole, gurudumu dogo laweza kusaidia. Kwa kilometa 200 za msitu halifai. Basi mwenye kununua mipira minne mikubwa anunue mitano, tena ajue tangu siku ile kwamba mlango wake umepewa kazi mpya.

Hesabu ya mzigo

«Kilo chache tu zimeongezeka,» husema shoferi. Naam, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Tuupime mzigo huo kwa niaba ya mlango, ambao hauna kinywa cha kujitetea.

Tuseme gurudumu la kwanza lilikuwa na kilo 28, chuma chake na mpira wake pamoja, na jipya lina kilo 40. Uzito umezidi kwa kilo 12, yaani haukufika nusu. Lakini mpira mpya ni mnene pia. Wa kwanza, kitovu chake kilikuwa sentimeta 15 nyuma ya mlango. Wa pili ni sentimeta 20. Sasa tufanye kama tunavyofanya kwa wenzo: tuzidishe uzito kwa umbali. 28 mara 15 ni 420, na 40 mara 20 ni 800. Nguvu inayojaribu kung'oa kishikizo cha gurudumu katika bati la mlango imekuwa karibu maradufu, ingawa mizani ilionyesha nyongeza ndogo. Kila mtoto aliyebeba ndoo kwa mkono ulionyoshwa anaifahamu sheria hii: ndoo ni ile ile, lakini kadiri iwavyo mbali na mwili, ndivyo bega linavyochoka.

Tena kuna bawaba. Ikiwa kitovu cha gurudumu ki sentimeta 45 kutoka kwenye mstari wa bawaba, na bawaba ya juu na ya chini zimeachana sentimeta 60, basi gurudumu la kilo 40 huivuta bawaba ya juu kwa nguvu ya kilo 30, na kuisukuma ya chini kwa nguvu kama hiyo. La zamani lilivuta kilo 21 tu. Hapo sijahesabu uzito wa mlango wenyewe. Mlango ukifungwa, komeo husaidia kidogo. Ukifunguliwa, bawaba hubaki peke yake.

Na hayo yote ni motokaa ikiwa imesimama. Gurudumu likitumbukia shimoni na sehemu ya nyuma ikarushwa juu, kilo 40 zaweza kuvuta kama kilo 80 au 120 kwa nukta moja. Anayejua mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, au barabara yoyote ya changarawe iliyofanya mawimbi, hahitaji kuelezwa. Mawimbi yakiachana mita moja, kilometa 10 ni matikiso 10,000. Chukua uzi wa chuma, uukunje huku na huku: hauvunjiki mara ya kwanza, lakini huvunjika. Bati la mlango hufa kwa njia hiyo hiyo. Haliuawi na shimo moja kubwa, bali na matikiso madogo yasiyo na idadi.

Kosa la kiraka

Fundi asiye na subira huuona ufa, hulehemu kipande cha chuma juu yake, hupaka rangi na kupokea fedha zake. Baada ya miezi michache ufa mwingine hutokea, mara nyingi pembeni mwa kiraka. Kwa nini? Kwa kuwa kiraka ni kigumu na bati ni jembamba, na mahali penye ugumu panapokutana na wembamba, ndipo mkunjo wote unapohamia.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Mzigo husafiri. Hutoka katika gurudumu, huingia katika kishikizo, kisha bati la mlango, kisha bawaba, kisha nguzo ya mwili wa gari, hata kufika katika shasi, ambayo ndiyo mifupa ya motokaa. Ukiimarisha kituo kimoja tu cha safari hiyo, unahamisha ufa mpaka kituo kinachofuata. Fundi mwema huifuata njia nzima kwa kidole kabla ya kuwasha moto.

Njia ya kuimarisha mlango

Kwanza, toa gurudumu na ufungue ubao wa ndani ya mlango. Shika mlango kwa chini na uuinue. Ukicheza, misumari ya bawaba imelika, na hiyo ibadilishwe kabla ya kazi nyingine yoyote. Mlango uliolegea huharibu kila uimara unaoongezwa juu yake.

Pili, kila ufa utobolewe kwa keke, tundu la milimeta 4 hivi, pale hasa unapoishia. Ncha ya ufa ni kali kama kisu na hukusanya nguvu yote mahali pamoja; tundu la mviringo huitawanya. Bila tundu hilo, ufa huendelea na safari yake chini ya kiraka.

Tatu, lala bamba la chuma la milimeta 3 ndani ya mlango, nyuma ya kishikizo. Bamba hilo lisiwe dogo kama sahani. Liwe pana kupita kishikizo, na lifike mpaka upande wa bawaba, ili bolti za bawaba nazo zilipitie. Hivyo mzigo hutoka katika gurudumu ukaenda moja kwa moja katika bawaba, na bati jembamba hupumzika. Mlango una uwazi katikati. Basi kila bolti ipitishwe ndani ya kibomba cha chuma chenye urefu sawa na uwazi huo, isije nati ikikazwa mlango ukabonyea. Nati ziwe za aina isiyojifungua kwa kutikisika.

Nne, fanya vivyo hivyo upande wa pili wa bawaba, yaani ndani ya nguzo. Wengi huimarisha mlango wakaisahau nguzo, nayo hupasuka.

Tano, rekebisha komeo na mipira midogo inayoupokea mlango. Mlango ukifungwa yafaa uibane mipira hiyo kwa nguvu, usiwe na nafasi ya kucheza. Mlango unaogonga ni nyundo inayojipiga yenyewe.

Wenye Land Rover za zamani wakumbuke jambo moja zaidi: ngozi ya mlango wao ni aluminiamu, lakini mifupa yake ni chuma. Aluminiamu hailehemiki kwa vijiti vya kawaida vya chuma. Tena madini hayo mawili yakigusana penye maji, aluminiamu huliwa polepole mpaka kuwa unga mweupe. Paka rangi pande zote mbili, na uweke kipande cha mpira kati yake.

Na yeyote alehemuye ndani ya motokaa aondoe nyaya za betri, atoe mazulia na madumu ya petroli, na aweke ndoo ya mchanga karibu. Bati lenye zinki lisichomwe mahali pasipo na hewa, maana moshi wake hudhuru.

Njia iliyo bora, na njia ya fukara

Ikiwa gurudumu ni zito sana, au mlango umekwisha kuchoka, afadhali mlango usilibebe kabisa. Fundi hutengeneza mkono wa chuma wenye bawaba yake mwenyewe, uliofungwa katika boriti ya nyuma ya shasi. Kwa bawaba hiyo aweza kutumia kitovu cha gurudumu la trela, ambacho kimezoea mizigo mikubwa kuliko huu. Mkono hufunguka kwanza, ndipo mlango. Ni kazi mbili badala ya moja, lakini mzigo umefika katika mifupa bila kupita katika ngozi. Huko Marekani, wenye Jeep Wrangler wapendao mipira mikubwa wamekutana na taabu hii hii, na viwanda huwauzia bawaba nzito za mlango au mikono ya namna hiyo. Hapa kwetu fundi mwenye bomba nene na mashine ya kulehemu aweza kuifanya kazi hiyo, mradi apewe siku za kutosha.

Asiye na fedha afanye nini? Apunguze. Jeki nzito, koleo na dumu visitundikwe mlangoni pamoja na gurudumu: lita 20 za petroli tu ni karibu kilo 15, mbali na dumu lenyewe. Kwa safari ndefu aweza kulilaza gurudumu ndani, akilifunga sana kwa mikanda, lisije likawarukia watu. Juu ya paa ni mahali pabaya zaidi, kwa sababu motokaa yenye uzito juu hupinduka upesi.

Maswali matatu kwa fundi

Labda msomaji atasema: «Mimi si fundi, haya yananihusu nini?» Yanakuhusu, baba mwenye motokaa, na wewe uliyekabidhiwa motokaa ya zahanati au ya ushirika. Gurudumu la kilo 40 likichomoka njiani, halichagui linayemwangukia. Nyuma ya motokaa kuna pikipiki, na juu ya pikipiki mna baba wa watu na mtoto amemshika kiunoni. Na hata lisipomwangukia mtu, siku ya kupeleka mama mzazi hospitali mpira utapasuka, na la akiba litakuwa limelala korongoni kilometa 30 nyuma.

Basi kabla ya kutoa fedha, mwulize fundi kwa heshima: Uzito huu utaushikiza wapi mwisho? Nyuma ya bati utaweka nini? Nguzo ya bawaba umeitazama? Akijibu kwa kuonyesha kwa mkono, mpe kazi. Akijibu kwa kucheka, mshukuru na uende kwa mwingine.

Kazi ikiisha, piga mstari mdogo wa rangi unaovuka kila nati mpaka kwenye bamba. Baada ya kilometa 100 tazama: mstari ukikatika, nati imezunguka, ikazwe. Kisha tazama tena kila mwezi, siku ile ile unapopima oili. Ni kazi ya dakika tano, nayo haihitaji chombo chochote ila macho.