MTIHANI WA MAZINGIRA: MATINI BILA SHARHI NI MZIGO



Ndugu zetu waumini, mtihani wa Kidato cha Nne hapa Tanzania huanza mwezi wa Novemba. Kila unapokaribia, vijana wetu hukaa katika baraza za misikiti baada ya sala ya Isha, madaftari yakiwa mapajani, wakijisomea. Ni jambo la kufurahisha. Lakini tulipoketi nao tuliona kasoro ambayo si haki kuinyamazia.

Usiku mmoja tulimsikiliza kijana akidurusu mlango wa mazingira, ambao kwetu si somo la peke yake bali umegawanyika baina ya Jiografia na Baiolojia. Alisoma kwa ghaibu maana ya mnyororo wa chakula, bila ya kukosea hata neno moja. Tukamwuliza: "Kwa nini mbugani swala ni wengi na simba ni wachache?" Akainama, kisha akajibu: "Ustadhi, hilo halimo daftarini."

Sisi tuliokuzwa kwa kuhifadhi hatuwezi kuidharau hifdhi. Walimu wetu walitutaka tuhifadhi matini kwanza. Hata hivyo hawakutuacha hapo. Walitukalisha kwenye sharhi, neno kwa neno, mpaka tukajua kila hukumu imesimama juu ya sababu gani. Kijana yule alikuwa na matini mkononi, ila hakupata wa kumsherehesha.

Na sharhi yenyewe haikuwa ndefu. Jua huwapa majani nishati. Swala akila majani, nishati nyingi humpotea kwa joto, kwa kupumua na kwa kukimbia, na kwa makadirio ni asilimia 10 tu inayobaki mwilini mwake kwa ajili ya atakayemla. Basi majani yakiwa na vipimo 10,000, swala hupata 1,000 na simba 100. Wingi wa simba utatoka wapi? Mwenye kufahamu hili hahitaji daftari. Atajibu pia akiulizwa kwa nini shamba la nafaka hulisha watu wengi zaidi kuliko shamba hilohilo likifanywa malisho ya ng'ombe.

Kwa hiyo tunawausia watahiniwa wetu mambo manne.

Kwanza, waanze na kinachoonekana kwa macho. Mvuvi wa Mwanza anayajua magugu maji ya Ziwa Victoria. Mwanafunzi na ajiulize yanapata wapi nguvu. Mbolea ya mashambani na maji machafu ya mijini huingia ziwani, mwani na magugu hunawiri na kuziba mwanga, yakifa, bakteria huyaozesha na kuimaliza oksijeni iliyomo majini, samaki hufa. Huo ni mlolongo wa sababu, na kila kiungo kinakivuta kinachofuata. Aufahamu kwanza kwa Kiswahili, ndipo auandike kwa Kiingereza cha mtihani. Asiyelifahamu jambo kwa lugha ya mama yake atalifahamu vipi kwa lugha ya kuazima?

Pili, wafunge daftari na wachore. Mzunguko wa maji, wa kaboni na wa naitrojeni, kila mmoja uchorwe kwa ghaibu, na juu ya kila mshale iandikwe sababu yake. Pale mkono utakaposita ndipo penye kazi ya usiku huo. Kusoma ukurasa uleule mara kumi huleta mazoea, na mazoea humhadaa mtu akadhani kuwa ameelewa.

Tatu, watenganishe mambo yanayofanana. Aghalabu tumekuta wanafunzi wakiandika kwamba dunia inapata joto kwa kuwa tabaka la ozoni limetoboka. Hayo ni mambo mawili. Ozoni hutukinga na mionzi mikali ya jua, nayo iliharibiwa na gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia. Kwa sababu hiyo mataifa yaliafikiana huko Montreal mwaka 1987 kuzipunguza. Ama joto la dunia, sababu yake kubwa ni hewa ukaa itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu. Kabla ya zama za viwanda hewa hiyo ilikuwa sehemu kama 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Vivyo hivyo, hali ya hewa ni ya leo na kesho, ilhali tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi.

Nne, walisikilize swali. Anayeambiwa "taja" akaeleza amepoteza wakati wake, na anayeambiwa "eleza" akataja amepoteza alama zake. Maswali ya miaka iliyopita yana faida kubwa yakijibiwa kwa saa na kalamu, kisha yakasahihishwa na mwenye kujua. Kuyakariri majibu yake kwa kutaraji kuwa yatarudi vilevile ni kamari.

Sasa tunawageukia wazazi. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika miezi hii kijana wa kiume huachiwa usiku wake, na binti aliye darasa moja naye hutumwa maji, akapika, akaosha vyombo, na akafungua kitabu wakati usingizi umeshamlemea. Mtihani ni mmoja na maswali ni yaleyale. Mpunguzieni kazi. Na kamati za misikiti ziwashe taa ya baraza kwa saa mbili zaidi, zitenge mahali pa wasichana, na zimwombe mwalimu mmoja wa sayansi miongoni mwa waumini aje awasherehesheee vijana walichohifadhi. Gharama yake ni ndogo.

Mtihani utapita na alama zitasahauliwa. Lakini kijana huyu kesho ndiye tutakayemwuliza choo cha mtaa kichimbwe umbali gani na kisima, na mikoko ya pwani ikatwe au iachwe. Akitujibu kwamba hilo halimo daftarini, lawama itakuwa yetu sote.

Wabillahi tawfiq.