Piza ipi bora? Uliza moto kwanza

Ubishi uliozuka nyumbani kwetu juzi haukuletwa na siasa wala kandanda. Uliletwa na piza.

Binti ya kaka yangu, anayesomea upishi chuoni, alikuwa akitimiza miaka 20. Badala ya keki aliomba piza. Wageni walikuwa tisa na mfuko ulikuwa mwepesi, kwa hivyo tukaamua kuipika wenyewe.

"Shangazi, piza ni ya Napoli tu. Hizo nyingine ni mikate," akasema kwa maringo.

Ndugu yake mdogo akaangua kicheko. "Hiyo yenu ni chapati iliyopakwa nyanya. Sisi tunataka ya Chicago, mtu ashibe!"

Haya, na tuwasikilize wote wawili bila upendeleo.

Huko Napoli, kusini mwa Italia, donge la piza ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira basi. Huachwa liumuke kwa saa nyingi. Tanuri la kuni nalo huwashwa hata likapita nyuzi 430 za Selsiasi, na piza huiva kwa dakika moja au moja na nusu. Ndiyo maana ukingo wake hufura na katikati hubaki laini. Zamani kilikuwa chakula cha maskini wa mjini, lakini mwaka wa 2017 ufundi huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu.

Wahamiaji kutoka Italia waliupeleka ufundi huo Marekani. Jijini New York walikuta makaa ya mawe badala ya kuni. Piza ikawa pana, ngumu kidogo, na mtu hukikunja kipande chake akala huku akitembea.

Chicago, kwa upande wake, ilikuja na yake mwaka wa 1943 katika mkahawa wa Pizzeria Uno. Hii hupikwa katika chombo chenye kina. Jibini hutangulia chini na rojo la nyanya hukaa juu. Kwa nini? Kwa sababu hukaa motoni nusu saa au zaidi, na jibini ingekuwa juu muda wote huo ingeungua.

Je, mshindi ni nani? Kwa ladha, mimi niko upande wa binti yetu. Lakini ladha haipiki peke yake. Oveni nyingi za nyumbani huishia nyuzi 250 hivi. Kwa moto huo, piza ya Napoli hukauka kabla ya kupata rangi.

Naam, ndivyo ilivyotokea. Piza yake ya kwanza ilitoka ngumu kama kigae. Msichana alinyamaza, machozi yakimlengalenga. Unga uliobaki ulikuwa wa piza mbili tu, na wageni walikuwa njiani.

Mama yangu, aliyekuwa ametulia kitini, akauliza, "Kwani kabla ya kununua hiyo oveni, keki tulikuwa tukioka wapi?"

Wapi tena, kama si kwenye sufuria? Tukawasha jiko la makaa. Tukapaka sufuria mbili mafuta, tukatandaza donge hadi likapanda ukingoni, tukatanguliza jibini, kisha rojo zito. Tukafunika. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 40 harufu ilikuwa imefika kwa jirani. Hakikubaki kipande.

Mvulana alijigamba kwamba Chicago imeshinda. La hasha! Kilichoshinda ni kuujua moto ulio nao. Mpishi wa Napoli, wa New York na wa Chicago, kila mmoja aliuliza tanuri lake linaweza nini, kisha akalitii. Sisi tulianza kwa kuulizana nani bingwa, tukapoteza unga.

Kwa hivyo mzazi, watoto wakianza kubishana, waache wabishane, mradi donge liwe linaumuka.

Binti yetu hajasalimu amri. "Shangazi, siku nitakapopata tanuri la kuni, mtajua ni nani aliyekuwa akisema kweli."

Nami nitakuwa wa kwanza mezani. Jumapili njema!