SAA ZA KAZI SI MALI YA TAJIRI PEKE YAKE



Jumatatu moja asubuhi wafanyakazi wa kampuni moja hapa Lanet walikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa stoo. Ilikuwa na mistari minne na muhuri. Ilisema ya kwamba tangu Jumatatu inayofuata zamu ya saa mbili asubuhi imefutwa. Kila mtu ataingia saa kumi na mbili alfajiri wiki moja, na saa kumi na mbili jioni wiki ya pili. Asiyeweza na amwone karani.

Kwa kijana asiye na mtoto, karatasi ile ni usumbufu. Kwa mama anayekaa Free Area na mtoto wa miaka miwili, ni kufungiwa mlango. Yule anayelea watoto mtaani hapokei mtoto kabla ya saa moja. Shule ya watoto wadogo haijafunguliwa. Na wiki ya usiku, ni nani atakayelala na mtoto?

Mama mmoja aliyefanya kazi pale miaka minane alimwona karani kama alivyoagizwa. Akajibiwa: "Kazi ni kazi. Kama watoto wanakushinda, andika barua ya kuacha." Baba mmoja anayelea wanawe peke yake aliambiwa akatafute mke. Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka.

Ndugu, tazameni vizuri hila hii. Tajiri hakumfukuza mtu. Angefukuza, angedaiwa sababu, notisi na haki nyingine. Basi anaikaza kamba mpaka mfanyakazi ajifukuze mwenyewe kwa kalamu yake mwenyewe. Miaka minane inakwisha kwa barua ya mistari mitatu, na kesho yake analetwa kibarua mpya wa mshahara mdogo.

Tunasema wazi: hatukatai ya kwamba kampuni yaweza kuwa na haja ya kubadili zamu. Oda zikizidi, mashine lazima ziende. Tunachokataa ni kubadilishiwa maisha kwa karatasi ya mlangoni. Saa za kazi ni sehemu ya mkataba, kama mshahara ulivyo. Je, tajiri angebandika karatasi ya kupunguza mshahara, tungemwona karani mmoja mmoja?

Sheria haiko upande wa karatasi ile. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, yataka saa za kazi ziandikwe katika mkataba, na zikibadilika, tajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba, na amjulishe kwa maandishi. Kubandika karatasi si kushauriana. Kifungu cha 29 chasema mama akirudi kutoka likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ana haki ya kurudia kazi yake ya kwanza au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale aliyoyaacha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa anayenyonyesha nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na mapumziko ya chakula, isiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Tena yataka mahali pa kazi pawe na chumba cha jambo hilo. Ni viwanda vingapi hapa vyenye chumba hicho? Tembeeni mjionee.

Wako wanaotuambia, "Ninyi mlitaka usawa, sasa fanyeni kazi ya usiku." Ni kweli, sheria ya ajira ya mwaka 1976 ilikataza wanawake kufanya kazi ya kiwandani usiku, na sheria ya 2007 haina katazo hilo. Lakini kuondoa katazo si kuweka amri. Usawa maana yake ni mwanamke kuweza kuichukua kazi ya usiku akitaka. Haina maana ya kwamba mtoto aachwe peke yake chumbani na mlango umefungwa kwa nje.

Wako pia wanaume wetu wasemao, "Hayo ni mambo ya akina mama." Ndugu zetu, mnajidanganya. Tajiri akishajua ya kwamba anaweza kubadili saa za mama na hakuna mtu aliyefungua kinywa, mwezi ujao atabadili saa zenu. Tena mtoto huyo ni wa nani? Ana baba, na baba huyo huenda yuko kwenye mashine ya pili akinyamaza.

Nasi chama tuna lawama yetu, wala hatutaificha. Mapatano mengi hueleza mishahara kurasa kwa kurasa, na habari ya zamu mstari mmoja tu: "kama kampuni itakavyopanga." Mstari huo tuliutia sahihi sisi wenyewe. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mapatano ya chama na tajiri huingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Basi mstari mbaya hutufunga sote, na mstari mzuri hutulinda sote.

Shauri letu ni hili:

1. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilieleza ya kwamba mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu tajiri amevunja mkataba vibaya aweza kuhesabiwa amefukuzwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, nao si mwepesi. Mwone kwanza mjumbe wa chama.

2. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba nakala.

3. Jibu kwa maandishi. Sema ni saa zipi huwezi, kwa nini, na ni saa zipi unaweza. Weka nakala nyumbani, si kwenye kabati la kazini.

4. Endelea kufika kazini wakati shauri linazungumzwa. Ukitoroka, umempa tajiri sababu aliyokuwa akiitafuta.

5. Ukifukuzwa, usikae. Malamiko kwa Afisa wa Kazi yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Mahakama ya Ajira nayo ipo Nakuru. Si lazima kwenda Nairobi.

Na katika mapatano yajayo tutadai haya: zamu isibadilishwe bila notisi ya mwezi mmoja na mazungumzo na wajumbe, mzazi wa mtoto mdogo, mama au baba, awe na haki ya kuchagua zamu kwanza, na kampuni inayotaka watu usiku iwapeleke kwa gari mpaka mtaani. Hatuombi sadaka. Mtoto anayelelewa Free Area leo ndiye mfanyakazi wa kesho ambaye tajiri huyo huyo atamtafuta langoni.

Wale wa karatasi ya mlangoni sasa wameandika barua moja, majina thelathini na moja, wanaume kwa wanawake. Karani hawezi tena kuwaita mmoja mmoja. Kazi ya kwanza imefanyika.

Umoja ni nguvu.