Duka Kuu Letu Halina Mlango

Kuna aina ya makala siku hizi ambayo nikisoma mstari wa kwanza tu najua itakapoishia. Mwandishi amekwenda Dubai, au Nairobi, au hapo Dar tu, kaingia kwenye jumba la maduka lenye ngazi zinazotembea zenyewe, karudi Unguja na huzuni yake. Anatwambia mji wetu bado haujawa mji. Mji, ati, lazima uwe na duka kuu moja la fahari pale katikati, mtu aingie kutafuta sindano atoke na kitanda, na watu waahidiane kukutana mlangoni pake. Halafu anamalizia kwa kushukuru kwamba jumba la Michenzani limesimama, na inshallah na sisi tunafika.

Mimi nakaa Jambiani, kilomita 50 na kitu kutoka huko anakosema hatujafika. Na namjibu kwamba duka kuu tunalo, tena kabla babu yake hajazaliwa. Linaitwa Darajani.

Marikiti yenyewe ilijengwa 1904. Jina limekuja kwa sababu palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule wa bahari ukafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Sasa tazama mahali penyewe palipo. Si pa wenye majumba ya mawe, si pa wenye nyumba za udongo. Ni pale pale kwenye mshono. Ndani mnada wa samaki, nyama, kuku, mikate. Ukitoka nje, ndoo, sufuria, viatu, simu, mitumba, dawa za mbu, tasbihi. Ukivuka ukaingia Mchangani, vitambaa na kanga mpaka macho yanachoka. Hizo si idara za duka kuu? Tofauti ni kwamba hakuna mlango wa kufungwa saa mbili usiku, wala hakuna wa kukutazama miguuni kabla hujaingia.

Tuwe waadilifu kidogo kwa Wafaransa, manake wao ndio walioanza. Aristide Boucicaut alipoingia kwenye Bon Marché ya Paris mwaka 1852, alileta mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida: bei imeandikwa kwenye bidhaa na ni moja kwa kila mtu, unaruhusiwa kuingia, kushika, kutazama na kutoka bila kununua, kitu kisipokufaa, unarudisha. Yalikuwa mapinduzi, hilo silibishi. Mwanamke wa Paris alipata mahali pa kuwa nje ya nyumba bila kuulizwa anatafuta nini. Zola akaandika riwaya nzima juu yake, *Au Bonheur des Dames*, mwaka 1883, mwaka ule ule Sayyid Barghash alioinua Beit el-Ajaib hapa kwetu. Na riwaya ile inaanza na nani? Na Denise, msichana wa shamba, ameshuka kwenye treni na wadogo zake wawili, amesimama mbele ya vioo vya duka hana hata sauti. Zola alijua kwamba duka kuu halionekani vizuri na mtu aliyezaliwa jirani nalo. Anayeliona ni yule aliyetoka mbali.

Basi nami namleta wangu aliyetoka mbali.

Tangu 1989 wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani. Maji ya bamvua yakipwa wanateremka, wanapigilia mambo mchangani, wanafunga kamba, wanasimama kwenye maji ya chumvi saa kwa saa wameinama. Wanavuna, wanabeba, wanaanika, wanatia magunia. Kisha unakuja mzani. Na hapo penye mzani, mwanamke huyu hana la kusema. Bei imeshakuja. Imetoka kwa mnunuzi, ambaye naye anasema imetoka ng'ambo, kwa watu wanaotengeneza dawa ya meno na ice cream. Bahari ikipata joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri ikafa majini, hilo ni lake mwenyewe. Bei ni moja, imeandikwa, haina mjadala. Boucicaut angefurahi.

Pesa ile aliyopewa bila kuulizwa, ataipeleka wapi? Anapanda 309 anakwenda mjini. Na ukimuuliza mtu wa Jambiani "mjini ni wapi?" hatakwambia Forodhani wala Shangani. Mjini ni Darajani. Kwengine kote ni kupita tu. Pale ndipo anapofungua mdomo. "Baba, hii shilingi ngapi?" "Elfu ishirini na tano, mama." "Subhanallah! Ina dhahabu?" Anaiweka chini. Anaondoka hatua tatu, anaitwa. Anarudi hatua moja, kama hataki. Anamwambia mwenye duka kwamba mwaka jana alinunua kwa marehemu baba yake na baba yake alikuwa muungwana. Dakika kumi baadaye ameondoka na sufuria kwa kumi na nane na kifuniko juu, na wote wawili wanacheka.

Wapo watakaosema huo ni upotezaji wa wakati. Mimi nasema ndiyo dakika kumi pekee katika uchumi mzima wa mwanamke yule ambapo neno lake linabadilisha bei. Ukimpeleka kwenye duka la kioo lenye kijikaratasi cha bei, umemfunga mdomo huku na huku: anapouza na anaponunua. Watu wanaita huo ustaarabu. Sijui ustaarabu wa nani.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zuri, kwa hiyo nisilikimbie. Wataniambia: bei iliyoandikwa inamlinda mtu wa shamba. Muuza duka akisikia tu lafudhi ya kusini, akisikia Kikae kimeponyoka mdomoni, bei inapanda kabla mteja hajameza mate. Kweli kabisa. Tumekatwa shingo sana pale. Lakini tazameni wanawake wa huku wanavyokwenda mjini: hawendi mmoja mmoja. Anakwenda na shoga yake anayezijua bei, wanapita maduka matatu ndipo wakae la nne, na duka lililowadhulumu mara moja linatangazwa Jambiani nzima kabla ya magharibi. Hiyo ni kinga ya watu maskini, imefumwa kwa miaka mingi. Kijikaratasi cha bei kinakulinda na muuzaji mwerevu, hakikulindi na bei yenyewe. Kikiandika elfu arobaini ni elfu arobaini, utamwita nani muungwana?

Narudi kwenye fasihi, manake najua baadhi yenu mmeshaanza kuuliza hii blogu imegeuka gazeti la biashara lini.

Mwanamke mashuhuri kuliko wote katika sanaa ya kisiwa hiki, Siti binti Saad, alitoka Fumba, shamba. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake, mnajua. Kabla ya santuri za 1928 kule Bombay, kabla ya masultani na mabwana wakubwa, alikuwa akipita mjini anauza vyungu, na sauti yake ikajulikana kwa kunadi. Sauti ile ililelewa na njia ambayo mtu wa shamba alikuwa na ruhusa ya kupita nayo akipiga kelele juu ya bidhaa yake. Sasa mfikirie Siti na tenga la vyungu kichwani mbele ya jumba lenye kiyoyozi. Sisemi mlinzi wa Michenzani angemfukuza; sijaona mtu akifukuzwa pale na sidai hivyo. Nasema asingejaribu kuingia. Na akijaribu, asingenadi. Mle ndani watu hunong'ona, hata hawajui kwa nini.

Halafu kanga. Nyie mnaojisifu kwamba mnasoma, nendeni Mchangani kabla ya sikukuu mkaone watu wanavyosoma. Muuzaji anatandaza doti, mwanamke haangalii rangi kwanza. Anainama kwenye jina. Analisoma kwa sauti. Shoga yake analitafsiri: hili la mke mwenza, hili la jirani, hili ukimpa mama mkwe utakuwa umelianzisha. Wanabishana maana ya neno moja robo saa. Mimi nimehudhuria mihadhara ya uhakiki isiyofika hapo. Hiyo ndiyo maktaba ya wazi kubwa kuliko zote Unguja, na sharti lake ni kwamba kitambaa kitandazwe, kishikwe, kisomwe na watu watano wasionunua. Kanga iliyokunjwa ndani ya nailoni kwenye rafu haisomeki.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani namtukuza mwenye duka wa zamani. Aliyesoma Abdulrazak Gurnah hawezi. Katika *Paradise*, ambayo Ida Hadjivayanis ametupa kwa Kiswahili kama *Peponi*, Yusuf anafanya kazi kwenye duka la Ami Aziz kwa sababu baba yake anadaiwa. Mtoto ndiye malipo ya deni. Daftari la madeni lina meno. Katika *By the Sea* Saleh Omar ni mwenye duka la samani, na mambo ya nyumba na mikopo yanamla mpaka uzeeni. Na Adam Shafi, katika *Vuta N'kuvute*, amemwoza Yasmin kwa mwenye duka ambaye angeweza kuwa baba yake. Maduka ya fasihi yetu si mahali pa halua na tabasamu. Wala sijasahau foleni za miaka ya sabini, mchele na unga na sukari kwa kipimo, maduka yana rafu hayana vitu, mpaka biashara ilipofunguliwa 1984. Wazee wetu hawakuipigania Darajani kwa mapenzi ya zamani. Waliijua ikiwa tupu, ndiyo maana walifurahi ilipojaa.

Kinachoniudhi hasa ni sisi wenyewe wenye kalamu. Beit el-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu wakafa, kila mtu akaandika. Mashairi, kumbukumbu, picha za milango. Sawa, ilistahiki, ni msiba. Lakini tumeifanya Zanzibar yote kuwa mlango uliochongwa na kibaraza chenye paka. Tunaandika Mji Mkongwe kama anavyoupiga picha mgeni. Soko linanuka papa na jasho, halikai vizuri kwenye picha, basi halimo. Nionyesheni riwaya yetu inayoanza kama ya Zola: mwanamke ameshuka kwenye gari ya shamba, mkono mmoja mtoto, mkono mmoja kapu, pesa ya mwani imefungwa kwenye ncha ya kanga, amesimama Darajani anatazama. Si mwanamke wa shamba anayekuja mjini kuharibika, hao tunao tele. Namtaka yule anayekuja kununua sufuria.

Na kwa sababu hatuandiki, wanaopanga mji wanaamini hapana kitu pale isipokuwa msongamano na uchafu. Mahali pasipo na hadithi ni rahisi kupafagia. Hakuna atakayethubutu kugusa mlango wa Mji Mkongwe bila kelele kutoka Unesco. Lakini meza ya muuza ndimu? Asubuhi moja tu.

Mimi sio adui wa majengo. Soko la Kariakoo alilochora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lile lenye paa kama miavuli, lilikuwa jengo la fahari na lilibaki soko. Hewa inapita, watu wanapita, zabuni inasikika. Lilipoungua Julai 2021 watu walilia kama wamefiwa, na hawakulilia zege. Kwa hiyo inawezekana. Na jumba la Michenzani limejengwa na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani kwa michango ya wafanyakazi wa nchi hii. Waliochangia wana haki ya kuuliza jumba lao linamfaa nani, na wala si utovu wa adabu kuuliza.

Basi mkitaka kweli duka kuu katikati ya mji, nendeni mkalihudumie lililopo. Wekeni kivuli cha kutosha na baraza ya saruji mtu akae hata kama hakununua kitu. Boucicaut mwenyewe alilifahamu hilo. Wekeni choo safi cha wanawake, na chumba ambacho mtu wa Makunduchi au Nungwi ataacha kapu lake akaenda hospitali Mnazi Mmoja akarudi akalikuta. Wekeni maji. Na msisogeze gari za shamba mbali, kwa sababu kila mita 500 mnazoziongeza kati ya kituo na soko zinabebwa kichwani na mtu, na mwisho wake analipia bodaboda pesa ile ile aliyoshusha kwenye sufuria.