Mchanga wa Kashikishi Una Kazi Tayari

Imani hii utaikuta ofisini, kanisani na kwenye basi, na wanaoitamka wana nia njema: vijana wanaihama wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula, kwa sababu watalii hawaji. Ziwa Mweru ni zuri, wanasema. Jua linazama upande wa Kongo, nawe umesimama kwenye mchanga wa Zambia. Maporomoko ya Ntumbachushi na Lumangwe hayako mbali. Basi zijengwe hoteli ufukweni, wageni waje, na kijana wa Kashikishi, mji wa wavuvi wilayani humo, hatapanda tena basi la Kitwe wala kuvuka kwenda Lubumbashi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Naikataa imani hiyo, tena si nusunusu. Uzuri wa mahali haumlishi aliyezaliwa hapo, na mgeni anayeufuata uzuri huo mara nyingi humwongezea mwenyeji sababu za kuondoka. Mifano tunayo, tena ya karibu, lakini ramani za hoteli zinapochorwa hakuna anayeitaja.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Pita Gizenga au Hurumzi leo utazame madukani: vinyago, picha za tingatinga, viungo vilivyofungwa kwenye vikapu vidogo vya zawadi. Ukitaka unga, sabuni ya kufulia au fundi wa kushona sare ya mtoto, utaelekezwa Darajani. Chumba kinacholipiwa dola kwa usiku mmoja hakiwezi tena kukodishwa kwa mwalimu anayepokea shilingi mwisho wa mwezi. Familia zimehamia Fuoni na Mwanakwerekwe, na asubuhi baadhi yao wanarudi kwa daladala kutandika vitanda katika mitaa waliyokulia.

Sisemi kila ufa wa Mji Mkongwe uliletwa na mtalii. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa, na majumba yalikuwa yakibomoka kabla hoteli hazijaanza kushindana, ndiyo maana mamlaka ya kuuhifadhi mji ule iliundwa mwaka 1985. Nyumba nyingine zimeokolewa kwa fedha za utalii, hilo nalikubali. Lakini Beit al-Ajaib, jengo lililopigwa picha na wageni kuliko karibu yote kisiwani, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Na hata pale jengo lilipopona, jirani hakupona pamoja nalo. Kuta zimebaki, barazani hakuna wa kumsalimia.

Lamu, iliyoorodheshwa mwaka 2001, ina nyumba zilizouzwa kwa wageni kutoka Ulaya, nyumba za ukoo ambazo sasa hufunguliwa msimu wa likizo tu. Venice ilikuwa na wakazi wapatao 175,000 katika mji wake wa kale mwaka 1951. Kufikia 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000, na mwaka 2024 mji ukaanza kumtoza mgeni wa siku moja euro 5 katika baadhi ya siku, kana kwamba tiketi ingewarudisha waliokwisha kuhama.

Kwa msomaji wa Zambia mfano mkubwa uko nyumbani. Livingstone ina Mosi-oa-Tunya, maporomoko ambayo dunia nzima inayajua. Mji ule ulikuwa na viwanda vya nguo na kiwanda cha kuunganisha magari ya Fiat. Viwanda vilipokufa miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, maji hayakuacha kuanguka hata siku moja, na bado watu walifungasha kwenda kutafuta kazi Lusaka. Mwaka 2011 Rais Michael Sata akatangaza kwamba makao makuu ya Mkoa wa Kusini yanatoka Livingstone kwenda Choma, Livingstone ibaki mji wa utalii. Mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege, na mji uliobakishiwa watalii ukabaki na vyumba vitupu. Wanaotaka Nchelenge iwe Livingstone ya kaskazini waseme kwanza wanataka Livingstone ya mwaka gani.

Sasa njoo Kashikishi asubuhi. Mitumbwi imelala nje usiku kucha na taa zake, kwa maana chisense, dagaa wa Mweru, hufuata mwanga. Ikirudi, wanawake wanaisubiri majini, maji yakiwafika magotini, kila mmoja akimjua mvuvi wake na deni lake. Samaki wanapimwa kwa ndoo na makopo, bei inapangwa palepale kwa sauti za juu, kisha mzigo unabebwa kichwani hatua chache tu hadi kwenye mchanga mkavu na kumwagwa. Unatandazwa kwa mkono, taratibu, samaki wasilaliane. Mtoto anawekwa kufukuza kuku na kunguru. Wingu likitanda, ufuo mzima unakimbia: ukoo kwa ukoo wanakusanya, wanafunika, wanalaani, na jua likirudi wanatandaza upya. Jioni chisense waliokauka wanaingia kwenye magunia, na magunia yanaanza safari ya Copperbelt na Katanga.

Mchanga ule ule ambao brosha ya utalii ingeuita ufuo mtupu ndio sakafu ya kazi. Ndio karakana, ghala na soko kwa wakati mmoja. Hoteli ya ufukweni haiwezi kuvumilia harufu yake. Itaomba wanawake wasogee kidogo, halafu kidogo tena, halafu utajengwa ukuta. Sisingizii mtu. Mgeni aliyelipia malazi ya siku mbili ana haki ya kutaka hewa safi. Kwa sababu hiyo hiyo haki ya mwanamke yule iandikwe kabla mgeni hajafika.

Na sheria, jinsi ilivyo, haimlindi vya kutosha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Zambia ya mwaka 1995, ardhi ya kimila inaweza, kwa idhini ya chifu na kupitia halmashauri, kugeuzwa kuwa ya hati ya kukodi hadi miaka 99. Ikishageuzwa, kuirudisha mikononi mwa kijiji ni jambo ambalo sheria haikuliandalia njia. Saini moja inatosha kumaliza mwalo uliotumiwa na babu wa babu. Mwenye uwezo wa kulipa mpima ardhi na kufuatilia hati hadi Lusaka hawezi kuwa yule anayeanika chisense.

Watu wanahama, hilo ni kweli, na walianza zamani. Wanaume wa Luapula walikwenda kwenye migodi ya Katanga na baadaye Copperbelt tangu enzi za ukoloni, na samaki wa Mweru wakawafuata huko kama posho ya mgodini. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula makundi kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa kwa ajili ya soko hilo mpaka akaisha kama samaki wa biashara katikati ya karne iliyopita. Aliyehama wakati ule hakukimbia ukosefu wa hoteli. Alifuata mshahara, kwa sababu mali ya ziwa ilikuwa ikitajirisha watu wa mbali.

Leo sababu hazijabadilika sana. Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ziwa linafungwa kwa wavuvi ili samaki wazaliane. Marufuku ile ni ya haki kwa samaki, naiunga mkono. Lakini Januari shule zinafunguliwa, mvua iko kileleni na mbu wamejaa, katika wilaya ambayo malaria imegoma kupungua licha ya miaka ya vyandarua na kupulizia dawa majumbani. Mama anakwenda hospitali ya St. Paul's na mtoto mgongoni, mumewe hana kitu cha kuuza, na mtoto mkubwa anahitaji viatu. Huo ndio mwezi wa kupanda basi. Mtalii hauoni mwezi huo, kwa sababu yeye huja Juni au Julai, anga safi na usiku baridi, anakaa siku tatu na kuandika nyumbani kwamba watu wa hapa wamebarikiwa.

Wageni wenyewe Nchelenge inao. Tangu 2018 makazi ya Mantapala yamepokea maelfu ya watu waliokimbia vita vya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, huko Kongo, wengi wao wakizungumza Kiswahili hiki hiki ninachoandika. Wanalima na kuchuuza, na wanaugua malaria ile ile. Hao wanaokaa na wilaya hata Februari, ziwa likiwa limefungwa, hawamo katika mipango yoyote ya kuvutia wageni. Naliona hilo ni jambo la kuonea haya.

Nitaambiwa: na ajira je? Ajira za ulinzi na kufagia zitakuwepo, na nyumba ndogo za kulala wageni zinazomilikiwa na watu wa hapa ni kitu kizuri, ziongezeke. Kila mwisho wa Julai wageni humiminika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe, chifu wa Walunda, na hakuna aliyepoteza uwanja wake. Walunda wangecheza hata kama asingekuja mgeni mmoja. Hapo mwenyeji ndiye mwenye shughuli, mgeni anakaribishwa pembeni.

Ninachotaka kwa Mweru kinagharimu chini ya hoteli moja. Vichanja vya waya vya kuanikia, kwa sababu chisense wasio na mchanga huuzwa bei nzuri zaidi. Barafu ya uhakika kwa samaki wakubwa. Kazi ya kulipwa katika miezi mitatu ya marufuku, iwe ya mabwawa ya samaki au ya kutengeneza barabara. Na kabla ya hati yoyote ya ufukweni kusainiwa, machifu na halmashauri waipime mialo, viwanja vya kuanikia na njia za kwenda majini, viandikwe kuwa mali ya umma isiyokodishwa kwa yeyote. Waanze na Kashikishi, wamalize kabla ziwa halijafunguliwa Machi 1.