Harambee ya Shule: Kutoa ni Moyo

Yako mambo mengi ambayo mtu mmoja hayawezi peke yake, na kujenga shule ni mojawapo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa sababu hiyo watu wa Kenya wamekuwa na desturi, tangu siku za wazee, ya kuchanga ili watoto wapate mahali pa kusomea. Lakini katika vijiji vingi husikika malalamiko ya kwamba wazazi wamechoka. Mtoto huleta barua ya harambee nyumbani, mzazi huisoma, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Haifai kusema upesi kwamba mzazi huyo hapendi elimu. Mara nyingi hajui fedha zatakwa kwa kazi gani, wala hajapata kuambiwa zile alizotoa mara ya kwanza zilifanya nini.

Yafaa kukumbuka jinsi watu walivyofanya zamani. Mwaka 1938 Peter Mbiyu Koinange alirudi Kenya kutoka masomoni Marekani na Uingereza, na mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri, katika Kiambu, ili kutoa walimu kwa shule ambazo Wakikuyu walikuwa wamejijengea wenyewe. Watu walikusanya fedha kwa marika yao, na kila rika lilijitahidi lisipitwe na jingine. Baadaye wanawake walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952, lakini mafunzo yake yamebaki. Kila mtoaji alijua anatoa pamoja na nani, tena alijua anajenga nini. Wengi wao hawakupata kukaa darasani hata siku moja, na hawakuona hiyo kuwa sababu ya kufunga mkono.

Harambee ni neno la watu wanaoinua au kuvuta mzigo mzito kwa pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa zima. Watu waliuitikia mwito huo kwa nguvu hata shule za sekondari zilizojengwa kwa michango zikatapakaa kila upande wa nchi. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa maana maelfu ya vijana waliokosa nafasi katika shule za serikali walipata kusoma. Lakini palikuwa na upungufu pia. Shule nyingine zilijengwa kwa haraka, zikakosa walimu waliofundishwa kazi, zikakosa na maabara. Kuta zilikuwapo, lakini masomo yalikuwa dhaifu. Basi kabla ya kuitisha harambee, halmashauri ya shule na ijiulize: jengo hili likiisha, nani atafundisha ndani yake, na kwa vitabu gani?

Ada za shule za msingi za serikali zilipoondolewa mwaka 2003, wazazi wengi walidhani kwamba kazi yao imekwisha. Hata hivyo madawati huvunjika, matangi ya maji huvuja, vyoo hujaa, na darasa lililojengwa kwa watoto 40 hupokea 70. Katika miaka hiyo kazi ya kuchanga iliachiwa mno wageni wa heshima. Watu walimngoja mwanasiasa aje na bahasha yake, naye mara nyingi alikuja akitafuta kura. Mwezi wa Julai 2024, baada ya malalamiko mengi juu ya desturi hiyo, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa dola na watumishi wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Wako walioona kwamba shule zimepata hasara. Lakini ilivyo hasa, shule inayomtegemea mgeni mmoja haina nguvu, kwa maana mgeni huenda zake, na wenyeji hubaki na watoto wao.

Nguvu ya kweli imo katika michango midogo ya watu wengi. Haba na haba hujaza kibaba. Ichukuliwe mfano wa shule yenye jamaa 300, nayo yataka darasa moja litakalogharimu shilingi 900,000. Kiasi hicho kikitajwa chote, hutisha. Kikigawanywa, kila jamaa yapaswa kutoa shilingi 3,000, na zikitolewa kwa mihula mitatu, ni shilingi 1,000 kila muhula. Mkulima anayengoja mavuno na mwenye duka anayepata fedha kila siku hawawezi kulipa siku moja. Basi kila mmoja na apewe nafasi ya kutoa kwa wakati umfaao.

Tena mchango si fedha tu. Mwenye mkokoteni aweza kuleta mchanga, fundi aweza kutoa siku mbili za kazi, na akina mama wa chama waweza kupikia mafundi chakula. Mwenye kuku ama mkungu wa ndizi aweza kuuleta mnadani siku ya harambee, na majirani wakaununua kwa bei ya furaha. Wale waliosoma hapo zamani, ambao sasa wako Nairobi, Mombasa au ng'ambo, waweza kutuma fedha kwa simu siku ile ile. Vitu hivi vyote viandikwe daftarini kwa thamani yake, ili mtu maskini aone jina lake limesimama pamoja na majina ya wengine.

Barua ya kuwaita watu iwe fupi, na iandikwe kwa lugha ambayo wazazi huielewa. Iseme mambo manne: kitu gani chatakwa, bei yake ni kiasi gani, fedha zilizopo tayari ni ngapi, na nani watakaozitunza. Barua peke yake haitoshi. Habari isomwe kanisani na msikitini, itajwe katika baraza la chifu na siku ya soko. Mwalimu mkuu akiwaita wazazi waje waone kwa macho yao watoto walioketi watatu kwenye dawati la wawili, maneno mengi hayatatakwa.

Lakini wote wauangalie mpaka usiovukwa. Mtoto asirudishwe nyumbani wala kuaibishwa mbele ya wenzake kwa kuwa baba yake hakutoa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema wazi kwamba mtoto asikataliwe katika shule ya serikali kwa sababu ya kutolipa michango. Tena yakataza mtu yeyote kukusanya michango bila kutoa stakabadhi rasmi. Mchango unaotozwa kwa kumtisha mtoto umekuwa kodi, na heshima ya harambee imepotea. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Neno la mwisho ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ziwekwe katika akaunti ya shule, na zisitolewe ila kwa saini za watu zaidi ya mmoja. Kabla ya juma moja kupita baada ya harambee, karatasi ibandikwe penye lango la shule, ionyeshe fedha zilizoingia, vitu vilivyoletwa na ahadi zilizobaki. Kazi ikiisha, karatasi ya pili ibandikwe: mabati mangapi yalinunuliwa, kwa bei gani, na kiasi gani kimesalia. Shilingi mia moja zikikosa maelezo, watu watazizungumza kuliko laki zilizotumika vyema, na mwaka ujao barua itakunjwa na kuwekwa juu ya kabati.

Halmashauri ambazo zataka kuanza harambee mwaka huu na zianze kwa karatasi ya harambee iliyopita. Waisome mbele ya wazazi wote, na penye kosa lielezwe. Ndipo wawaombe tena.