Visikizi Rahisi na Masikio Yetu



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo wanafunzi wa hapa Kizuka hubishana sana juu yake. Jambo lenyewe ni visikizi vya masikioni, vile vidogo vinavyotiwa ndani ya tundu la sikio ili mtu asikilize muziki wa simu yake. Wengine husema kwamba vya rahisi vyote ni takataka, afadhali mtu akae bila muziki mpaka apate fedha za kununua vya ghali. Wengine husema kwamba vyote ni sawa, basi chukua vyo vyote vilivyopangwa mezani sokoni Rumonge. Mimi nadhani pande zote mbili zimekosa, na kosa lenyewe si dogo. Sikio likiharibika hakuna fundi wa kulitengeneza.

Kwanza tutazame bei. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja aitwaye Jeroen Breebaart alitangaza matokeo ya kupima visikizi 283 vya namna mbalimbali, vya rahisi sana na vya ghali sana. Alitafuta kama bei hufuatana na namna kifaa kinavyotoa sauti nene, za kati na nyembamba. Hakuona uhusiano wo wote. Na mwaka 2022 viwanda vya China vilitoa visikizi kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero kwa dola 20 hivi, navyo vilisifiwa na wapimaji waliozoea vya mamia ya dola.

Sababu yake si uchawi. Ndani ya visikizi vingi mna sumaku ndogo, waya mwembamba wa shaba uliozungushwa, na utando unaotikisika. Vitu hivyo havina gharama kubwa. Kazi ngumu ni kuvipima na kuvisawazisha mpaka sauti moja isizimeze nyingine, na kazi hiyo kiwanda kikiisha kuifanya vizuri mara moja, huweza kuirudia mara elfu.

Najua dola 20 si fedha ya mchezo kwa mtoto wa mvuvi au wa mkulima wa michikichi. Wengi wetu tutanunua vya chini ya hapo. Ndiyo maana yafaa kila mmoja ajue kupima mwenyewe, wala asiongozwe na maandishi ya kwenye boksi. Boksi likisema kwamba visikizi vyatoa sauti tangu hezi 20 mpaka 20,000, hilo ni kama kusema kwamba chungu chaweza kupikia nyama. Halisemi kama nyama itakuwa tamu. Tena jina la kampuni kubwa lililochapwa juu ya bidhaa ya bei ndogo mno si ushahidi, maana kuiga jina ni rahisi kuliko kuiga kazi. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Haya, tupimeje? Jambo la kwanza ni mpira wa mdomoni pa kisikizi. Aghalabu huja saizi tatu, nasi huvaa ile iliyokutwa imevikwa bila kujaribu nyingine. Cheza wimbo wenye ngoma, kisha sukuma kisikizi ndani taratibu kwa kidole. Ngoma ikizidi unene papo hapo, mpira hauzibi sawasawa. Badili saizi. Mtu asiyejaribu hivi hawezi kuhukumu kitu, kwa sababu sauti nene hutoroka penye upenyo, naye hulaumu kiwanda bure.

Pili, sikiliza ngoma za kwetu, zile zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Kila mtoto wa Burundi ajua kwamba inkiranya huongoza katikati, amashakwe hushika mwendo usiobadilika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Visikizi vyema vitakuonyesha makundi hayo matatu mbalimbali. Vibaya vitayafanya yawe mngurumo mmoja, kama lori linalopita nyuma ya ukuta. Vingi vya rahisi vimejazwa sauti nene kupita kiasi, na mnunuzi hudhani amepata nguvu, kumbe amepata tope.

Tatu, sikiliza inanga inayopigwa na mtu anayenong'ona. Hakuna kipimo kizuri kuliko hiki. Mnong'ono na nyuzi hukaa karibu sana, basi kama maneno yamezama, visikizi hivyo havifai kwa sauti ya mwanadamu. Baada ya hapo weka wimbo wa Khadja Nin, tuseme mmoja wa zile za mwaka 1996, uangalie herufi s na sh. Zikichoma kama sindano, utachoka upesi.

Nne, ukilinganisha visikizi viwili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Sikio letu hudanganyika: chenye sauti kubwa kidogo huonekana bora, hata kama si bora. Muuzaji mwerevu ajua hayo, naye hukuonjesha kwa sauti ya juu.

Sasa nafika kwenye shabaha yangu. Mimi nasema visikizi bora ni vile vinavyokuruhusu kupunguza sauti. Kumbukeni asili yake. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen ya Marekani, alimtengenezea mpiga ngoma wao, Alex Van Halen, visikizi vya kuziba masikio, kwa kuwa makelele ya jukwaani yalikuwa yamezidi. Alitaka ayasikie machache zaidi. Sisi tumekitwaa kifaa hicho tukakigeuza kuwa cha kuongezea makelele.

Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa, na mtoto desibeli 75. Kila zikizidi desibeli 3, saa hukatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 20 tu kwa wiki nzima. Ndani kabisa mwa sikio mna chembe zenye vinywele vidogo zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Mtu huanza kwa kusikia mlio usiokoma usiku, kisha hukosa maneno ya mwalimu akiwa nyuma ya darasa.

Tuseme upo ndani ya basi lenye makelele ya desibeli 80. Mwenye visikizi visivyoziba hupandisha muziki mpaka 90 ili aishinde injini. Mwenye vinavyopunguza makelele kwa desibeli 20 huisikia injini kama 60, na muziki wa 70 wamtosha. Yaani mpira mdogo uliokaa vizuri waweza kumlinda mtu kuliko jina kubwa la kampuni.

Lakini hapo pana hatari nyingine, nami sitaificha. Kile kinachoziba injini ndani ya basi huziba pia honi ya lori barabarani. Barabara kuu namba 3, itokayo Bujumbura na kupita Rumonge kwenda Nyanza-Lac, ina magari, pikipiki, baiskeli zilizobeba madumu ya mawese, na watoto wanaotembea kando. Mwenye kutembea au kuendesha sharti avitoe masikioni vyote viwili. Hali kadhalika mwenye kuwa mtumbwini usiku, maana ziwani mtu huokolewa na sauti ya mwenziwe.

Baadhi ya wazee wetu watasema: basi, vipigwe marufuku shuleni. Kwa heshima nawajibu kwamba darasani na vipawe marufuku, hapo hatubishani. Lakini mtoto atavinunua likizoni tu, na asipofundishwa atavinunua vibaya na kuvitumia vibaya. Mwalimu wa sayansi aweza kufundisha mawimbi ya sauti, sumaku na umeme kwa kifaa hiki kimoja ambacho wanafunzi wanakipenda tayari.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Nunua vyenye waya kama simu yako ina tundu, kwa kuwa havina betri ya kufa baada ya muda. Na kama waya wachomoka, ni heri zaidi, maana waya ndio hukatika kwanza. Jaribu saizi zote za mpira. Osha mipira kwa maji na sabuni, uikaushe, wala usivae ya mwenzako. Weka sauti mahali ambapo mtu akisema nawe kwa karibu utajua kwamba amesema. Na fedha ikiwa chache, usione haya kununua vya rahisi, ila vinunue kwa masikio yako mwenyewe, si kwa macho.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa zamani, Kizuka